Nguruwe wa Sikukuu

Kijijini kwao, mwendo mfupi kutoka Mbozi Mission, walimtania Ruti kwamba akimenya ndizi, hata ganda huulizwa lina kazi gani. Ruti alicheka pamoja nao. Ganda lilikuwa na kazi: lilikwenda kwa nguruwe.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mkavu wa maneno, mke wa Osea mwenye shamba dogo la kahawa na la mahindi. Watoto wao wote walikuwa wamekwisha toka nyumbani. Pale milimani Krismasi huja vibaya. Inakuja wakati mvua imeshika, mbegu zinataka ardhi, na mbegu hazitaki kwenda ardhini bila mbolea. Kila Desemba sikukuu na shamba hugombana mlangoni, na katika nyumba nyingi sikukuu hushinda, kisha Februari mahindi yanasimama ya njano kama wagonjwa. Nyumbani kwa Ruti haikuwa hivyo. Hela ya kahawa ilikuwa ya kanisa na ya mbolea. Sikukuu haikuwekewa hata shilingi.

"Krismasi inalimwa," alikuwa akisema. "Hainunuliwi."

Na kweli aliilima. Alizeti alipanda kando ya nyumba, akapeleka kukamua, akarudi na mafuta pamoja na mashudu. Ulezi wa togwa aliutenga mapema ukiwa bado na bei ndogo. Mchele ulitoka kwa jirani yake, Fides, ambaye kaka yake hulima mpunga Kamsamba. Walikubaliana tangu Septemba: Fides atatoa debe la mchele, Ruti atatoa mguu wa nyuma wa nguruwe. Debe lilikwisha fika na lilikuwa uvunguni mwa kitanda. Kilichobaki ni mguu, nao ulikuwa bado unatembea.

Nguruwe huyo alinunuliwa akiwa mdogo kama paka. Ruti hakuwahi kumnunulia chakula. Alimlisha pumba, mashudu, maparachichi yaliyopasuka chini ya mti, majani ya viazi. Kufikia Novemba alikuwa mnyama mzito, mweupe mwenye mabaka, akisimama anaziba mlango wa banda. Hesabu yake ilikuwa imekwisha kaa kichwani: mguu mmoja wa Fides, nusu iuzwe kwa majirani ili kutimiza mfuko wa mwisho wa mbolea, kinachobaki kiliwe siku ya Krismasi na kingine kikaushwe juu ya moshi.

Mwaka huo nyumba haikuwa na wazee peke yao. Felista, mke wa mwanawe Asajile, alikuwa amekuja kukaa nao na binti yake Pendo wa miaka mitano. Asajile alikuwa akikimbiza karatasi za malori mpakani Tunduma, na kazi ilikuwa imelegea. Kodi ya vyumba ilipowashinda, wakakubaliana yeye abaki mjini akilala kwa rafiki, mke na mtoto wapande kwa wazee mpaka mambo yakae sawa. Felista alizaliwa Tunduma, akakulia Tunduma. Aliamka mapema na hakukataa kazi, ila Ruti alimwona anavyomwaga maji ya kuoshea mchele kana kwamba ni maji ya kunawia, akajizuia kusema. Siku nyingine hakujizuia.

Jumapili moja baada ya ibada Felista alimkuta anapanga mayai kwenye kikapu.

"Mama, nilikuwa naomba mayai sita. Nimwokee Pendo keki ya Krismasi."

"Sita?"

"Ndiyo, Mama. Naoka kwa sufuria, moto juu na chini. Mkaa kidogo tu."

"Mayai sita ni sabuni, Mama Pendo. Hapo hatujataja sukari. Keki inaliwa mara moja imekwisha, mtoto anabaki anajilamba vidole. Mwache ale nyama."

"Sawa, Mama," Felista akasema, akachukua ndoo akaenda mtoni.

Mwisho wa Novemba kulikuwa na harusi katika kijiji cha juu. Ruti alikwenda kusaidia kupika, kama wanawake wote. Jioni, wakati wenzake wanafunga khanga kiunoni waondoke, yeye alikuwa jalalani anakusanya makombo: ukoko wa ugali, maganda, mifupa ya nguruwe wa karamu iliyobaki na nyama nyama zake. Alijaza ndoo mbili. Moja akaibeba kichwani, nyingine mkononi, akateremka nazo hadi nyumbani.

Osea alimpokea uani. "Mama Asajile, watu watasema tumekwenda harusini kuokota."

"Waseme. Nguruwe hana masikio ya maneno hayo."

Nguruwe alikula siku mbili kwa furaha.

Haikupita muda mrefu, habari zikaanza kushuka kutoka kijiji cha juu. Kwanza alikufa nguruwe wa mwalimu. Kisha banda zima la mzee mmoja. Halafu mtendaji wa kata akapita na kipaza sauti juu ya pikipiki akitangaza kwamba ipo homa ya nguruwe, hakuna kuchinja, hakuna kuuza, hakuna kusafirisha, mpaka itakapotangazwa tena. Kwa nyumba nyingi za kata ile tangazo hilo lilikuwa ni Krismasi yenyewe imefutwa, kwa sababu ng'ombe ni ghali na kuku hawamtoshi mtu mwenye wageni.

Ruti alikwenda bandani. Nguruwe alikuwa amesimama, anatafuna. Akamwangalia macho, masikio, kwato. Akarudi jikoni.

Kesho yake jioni akaja Barnaba, mchinjaji wa nyama ya kitimoto aliyejulikana njia nzima mpaka mpakani. Aliacha pikipiki yake barabarani, akaingia kwa miguu kama mtu aliyekuja kusalimia tu. Alisimama mbele ya banda akapiga mluzi.

"Baba Asajile, mzigo huu mnauacha uoze? Mimi nautoa alfajiri. Nina gari la mahindi, nafunika vizuri. Bei siyo ile ya zamani, mnajua hali, lakini hela taslimu."

Alitaja bei. Ilikuwa nusu ya thamani, pengine pungufu.

"Na marufuku?" Ruti akauliza.

"Marufuku ni ya nguruwe wagonjwa, mama. Huyu ni mgonjwa? Halafu homa hii haimshiki binadamu. Muulizeni hata bwana mifugo mwenyewe. Mtu anakula, anajifuta mdomo, anaenda kanisani."

Hilo lilikuwa kweli, na kila mtu pale alilijua. Osea alimtazama mkewe. Alikuwa mtu mpole ambaye katika mambo ya fedha alikwisha zoea kungoja neno la Ruti.

"Njoo kesho asubuhi," Ruti akasema. "Nitakuwa na jibu."

Alitaka kupandisha bei. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwake usiku huo, wala si marufuku ya mtendaji.

Asubuhi alipopeleka pumba, nguruwe hakuinuka. Alikuwa amelala ubavu, anahema kwa haraka, na masikio yake, ambayo jana yalikuwa meupe, yalikuwa na wekundu wa jamu ya zambarau. Ruti alimgusa kwa fimbo. Nguruwe akainua kichwa, akakirudisha chini. Chakula cha jana kilikuwa bado kwenye gogo la kulishia.

Alisimama pale kwa muda. Kutoka bandani kwake ardhi inateremka, na mtaro wa maji ya mvua unapita kando ya migomba hadi kwenye uwanja wa Fides. Huko chini Fides alikuwa anamwagia maji jike lake la nguruwe lililozaa, vitoto vimejipanga kwenye chuchu kama viazi kwenye tuta. Fides alikuwa mjane. Vitoto vile vilikuwa sare na madaftari ya Januari, na kila mtu alilijua hilo kwa sababu Fides mwenyewe alikuwa akilisema kila mara. Aliinua kichwa, akamwona Ruti, akapunga mkono. Ruti akapunga pia.

Barnaba alifika kabla jua halijapanda. Aliona, akaelewa mara moja, lakini hakurudi nyuma.

"Huyu bado hajafa. Tukimchinja sasa hivi hapa hapa, damu ikatoka, nyama ni nyama. Saa nane iko Tunduma kwenye kikaango. Nitapunguza kidogo kwenye ile bei, siyo sana."

"Tumchinje wapi?" Ruti akauliza.

"Hapo hapo nyuma. Maji mnayo."

"Na maji yakishamwagika, yanakwenda wapi?"

Barnaba akatazama mtaro, akatazama migomba, akainua mabega. "Maji yanakwenda yanakokwenda, mama."

Osea akamvuta mkewe pembeni. "Mama Asajile, fikiri vizuri. Tukimzika hatupati kitu. Mbolea haijatosha. Watoto wanakuja kula nini? Umemlisha mwaka mzima. Na kweli haimdhuru mtu."

"Haimdhuru mtu," Ruti akasema. "Inamdhuru nguruwe. Na Fides anao tisa na mama yao."

"Labda wataugua hata tusipochinja."

"Labda."

Alisema neno hilo akatazama mtaro, na Osea akadhani bado anapima. Lakini Ruti alikuwa amekwisha maliza kupima. Maishani mwake hakuwahi kutupa kitu ambacho mtu anaweza kukila. Hata maziwa yakiganda aliyapa kazi. Sasa alijua kwamba akiendelea kusimama pale ataipata sababu ya kumchinja, kwa kuwa sababu zilikuwa nyingi na zote nzuri.

"Baba Asajile, chukua jembe na sepeto. Felista, mpigie simu afisa mifugo, mwambie aje kwetu. Wewe Barnaba, nenda salama. Ukifika barabarani osha viatu."

Barnaba alicheka kidogo, si kwa dharau, akaondoka. Hakuosha viatu.

Afisa mifugo wa kata alikuwa binti mwembamba aliyevaa mabuti makubwa kuliko miguu yake. Alipofika nguruwe alikuwa amekwisha kata roho. Aliwaelekeza wachimbe mbali na mtaro, shimo lifike kifuani mwa Osea, wamwage chokaa, wachome nyasi zote za banda, na samadi ile wasiipeleke shambani. Osea alichimba. Ulikuwa udongo mwekundu uliolowa, mzito, na mvua ikaanza kunyunyiza kabla hajamaliza.

"Mama, mlikuwa mnamlisha nini?" binti akauliza.

"Pumba. Mashudu. Maparachichi." Ruti akakatisha. "Na makombo ya harusi ya kule juu."

Osea akasimamisha sepeto.

"Yalikuwa na nyama ya nguruwe?"

"Yalikuwa na mifupa."

"Mliyachemsha kwanza?"

"Hatukuchemsha. Niliona ni kuni bure."

Binti hakumkemea. Alisema yawezekana ni makombo hayo, yawezekana ni viatu vya mtu aliyepita, au mbwa, na hakuna atakayejua kwa hakika. Ruti alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Yeye alikuwa amekwisha jua. Kuni za kuchemshia zingekuwa mzigo mmoja tu, na zilikuwa zimepangwa nyuma ya jiko, kavu, zikingojea Krismasi.

Walipomaliza kufukia, alioga, akabadilisha nguo, akakanyaga majivu na maji yenye dawa kama alivyoelekezwa. Kisha akavuta debe la mchele kutoka uvunguni, akalibeba kichwani hadi kwa Fides. Hakuvuka ua. Alilitua nje.

"Dada Fides! Usije karibu. Nguruwe wangu amekufa kwa homa. Tumemzika. Mguu haupo, mchele wako huu hapa."

Fides alitoka mlangoni akiwa na unga mikononi. Alitazama debe, akatazama kule juu moshi wa nyasi za banda ulikokuwa unapanda.

"Mmemzika mzima? Hamkuchinja?"

"Mzima. Maji yangekuja kwako." Ruti akaonyesha mtaro kwa kidole. "Na niseme yote. Nadhani ni mimi niliyeileta, kwa makombo ya harusi. Mtaro unapita kwako. Weka majivu pale, usimruhusu mtu wala mbwa kuingia bandani. Hata mimi."

Fides akajifuta unga mikononi. Usoni mwake yalipita mambo mengi, na baadhi yake hayakuwa mazuri. Ruti aliyaona akayakubali.

"Ungeniambia ulipoleta hayo makombo," hatimaye Fides akasema.

"Ningejua, ningekuambia."

"Haya. Uache mchele hapo."

Ruti akauacha. Njiani kwenda alikuwa ametumaini, kidogo tu, kwamba ataambiwa abaki nao. Hakuambiwa, na hakumlaumu.

Siku hizo Osea alikwenda kupanda shamba la juu kwa mbolea iliyokuwepo, la bondeni akapanda bila kitu. Ruti alikoboa, alipepeta, aliotesha kimea cha togwa kama kawaida, maana ulezi haukuwa na kosa. Jioni moja aliingia chumba alichokuwa analala Felista, akaweka bakuli kitandani. Lilikuwa na mayai sita.

"Sukari ipo kwenye kopo la juu," akasema. "Niambie moto unataka uwe vipi."

Felista alimtazama kama anayetafuta maana nyingine, akakuta hakuna. Wakatoka wote jikoni. Aliweka mchanga kwenye sufuria kubwa, sufuria ndogo ndani yake, mfuniko, makaa juu ya mfuniko. Alisaga ganda la limau akalitia ndani ya unga, akatumia mafuta ya alizeti badala ya siagi. Ruti alikaa na koleo akipunguza na kuongeza makaa. Keki ilitoka imeinuka upande mmoja na kuungua kidogo chini. Pendo alisimama mbele yake mikono nyuma, kana kwamba ni mgeni wa heshima amefika.

"Ni mara yangu ya kwanza kwenye moto wa watu," Felista akasema kwa kujitetea. "Inayofuata itakaa sawa."

"Inayofuata?" Ruti akauliza, kisha akakata kipande akaonja. Akakata kingine.

Mke wa kiongozi wa kwaya ndiye aliyeanza. Alipita kuulizia togwa ya vijana watakaoimba Mission, akapewa kipande, akakaa. Alikuwa na wageni kutoka Itumba na hakuwa na nyama, kama wengine wote. Kesho yake akarudi na unga wake, mayai yake, sukari yake, na tetea mmoja amefungwa miguu. Nyuma yake wakaja wengine. Ruti alipanga masharti, Felista akaoka: kila mtu alete vitu vyake na kuni zake, na malipo yawe kuku, au mahindi ya mbegu, au chochote kitakachofaa mwezi wa Januari. Si yote yalikwenda vizuri. Keki mbili ziligeuka matofali siku mvua ilipoingia jikoni, wakazilipa wao. Mama mmoja alichukua yake akiahidi kurudi na jogoo, na jogoo huyo hajaonekana mpaka leo.

"Tunduma ningeweka bei," Felista alisema huku akikuna mchanga uliong'ang'ania sufuria.

"Hapa pia umeweka. Umeona yule tetea wa mke wa kwaya? Ana mayai tumboni."

Felista akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza Ruti kumsikia akicheka ndani ya jiko lile, na aligundua kwamba hakuwa amelitambua hilo kabla.

Asajile alifika mkesha wa Krismasi amelowa chapachapa, na mikate miwili chini ya koti na habari ndefu za foleni ya malori. Walipomweleza ya nguruwe alimtazama mama yake kwa kutoamini, akataka kuuliza, baba yake akatikisa kichwa. Usiku walikunywa togwa. Asubuhi walikwenda kanisani wote, Pendo akiwa na gauni aliloshonewa na mama yake kutoka kwenye kitenge cha zamani, na waliporudi walikula ndizi kwa kuku wawili, maharage, maparachichi, na keki. Osea aliomba kabla ya kula, ombi refu lililotaja mvua, wasafiri na wafu, na halikutaja nguruwe.

Wakiwa bado mezani, Ruti aliona mtu amesimama barabarani, nje kabisa ya ua, na mwavuli uliovunjika ubavu. Alikuwa Fides. Hakuita, hakuingia. Ruti akapakua sahani, akaweka kipande cha keki juu ya ndizi, akaifunika. Mlangoni alikanyaga maji ya dawa, akatoka.

"Krismasi njema, dada."

"Na kwako pia. Nimepita tu, sitaki kuleta miguu yangu kwenu wala kuchukua ya kwenu."

"Najua. Pokea hii, kula hapa hapa."

Fides akapokea. Walisimama wote wawili chini ya mwavuli mmoja, katikati ya barabara ambayo siku hiyo haikuwa na mtu.

"Wanaendeleaje?" Ruti akauliza. Alikuwa ameliogopa swali hilo kwa wiki nzima.

"Wanakula. Mmoja ana kikohozi. Binti wa mifugo amemwangalia, akasema siyo hiyo, ni baridi."

"Na mama yao?"

"Anakula mpaka ananichosha." Fides alitafuna keki polepole. "Hii kaoka mkamwana wako?"

"Felista, ndiyo."

"Ana mkono. Ila mmezidisha limau."

"Nitamwambia."

Fides alimaliza, akarudisha sahani, akafuta mdomo kwa kona ya khanga. Mvua ilikuwa inakaza. Akaelekea kwake akikanyaga pembeni pembeni ya matope, na Ruti akabaki barabarani mpaka alipomwona ameingia ndani. Kisha akaenda kuosha sahani.